Mguu wa Kuku Chini ya Jiwe

Wifi yake alimwita mwizi wa mawe mbele ya watu, na mume wake, aliyeyabeba mawe hayo kwa baiskeli yake mwenyewe, jiwe baada ya jiwe, akakana kwamba anayajua. Hilo ndilo kosa. Mengine yote ni vumbi lililotimka baadaye.

Aliyefanyiwa hivyo alikuwa mfagiaji. Tangu siku ile mtaa ulimbandika jina la Mama Mawe, na jina la mtaani ni kama gundi ya viatu, ukilikwangua linatoka na ngozi. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kumcheka. Miaka sita ilipopita hata watoto waliozaliwa baada ya kisa hicho walimwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, Mama Mawe," naye aliitikia marahaba, maana mtoto hana kosa.

Wakati ule lilikuwa likijengwa jengo kubwa la ofisi, mwendo wa robo saa kutoka kwake. Yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja walifagia vumbi la mafundi, na waliahidiwa kwamba jengo likiisha wataendelea na kazi humo humo ndani, kwenye sakafu za vigae. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ndiye aliyekuwa mtunza stoo pale. Alikuwa na daftari, funguo kiunoni na kiti chenye mto.

Siku za Jumamosi Mama Mawe alikwenda machimboni kumsaidia mzee mmoja mchonga mawe, ambaye watu walimwita Mzee Tindo kwa sababu tindo, ile patasi yake ya chuma, haikumtoka mkononi. Mgongo wa mzee ulikuwa umekwisha. Mama Mawe alimzolea vipande, alimchotea maji, alimchemshia chai. Jioni mzee alimpa jiwe moja, katika yale yaliyovunjika pembe au kupungua urefu.

"Hili limekataa ukuta," alimwambia. "Kalilaze chini, huko halitakuwa na ubishi."

Mama Mawe aliyataka kwa ukingo wa bustani. Mbele ya nyumba yake kila mvua iliponyesha udongo ulihamia mlangoni, na ukoka ulitambaa kila mahali isipokuwa pale ulipotakiwa. Alitaka mstari: huku nyasi, kule ua wa michongoma, katikati mawe. Mtu ambaye hakuwahi kumiliki kitu kilichonyooka huwa anakitamani sana kitu kilichonyooka.

Kila Jumamosi jioni mumewe, ambaye ni mshonaji, alimfuata machimboni kwa baiskeli. Walilifunga jiwe kwenye kiti cha nyuma kwa mpira wa tairi, yeye anasukuma, mke anashikilia. Njiani walicheka. Mume alisema jiwe lile ni zito kuliko mahari aliyotoa, mke alimjibu kwamba mahari yenyewe haikumchosha hata mbebaji. Walikuwa watu wa namna hiyo.

Na jambo moja lazima lijulikane. Kila mchonga mawe pale machimboni alikuwa na alama yake, ili mawe yake yasichanganywe na ya mwenzake. Alama ya Mzee Tindo ilikuwa mistari mitatu iliyotawanyika kutoka sehemu moja, kama mguu wa kuku. Aliichonga tumboni mwa jiwe, upande unaolala ardhini, na vidole vya kuku alivielekeza nyuma, kwenye upande usiolainishwa. Kwa hiyo anayelilaza jiwe lake hana haja ya kuhangaika. Analipindua, anatazama kuku anaelekea wapi, analigeuza, uso mzuri unatazama mbele. Mzee alimfundisha Mama Mawe, na Jumamosi moja alimfundisha na mumewe. Mama Mawe hakwenda shule hata siku moja. Huo mguu wa kuku ndio maandishi pekee aliyoweza kuyasoma.

Mawe yalipofika arobaini, yamepangwa nyuma ya jiko chini ya turubai, shehena ya mawe ikapotea pale kwenye jengo.

Asubuhi, wafagiaji wakiwa getini wanangoja kufunguliwa, msimamizi alitoka akiwa amefura. Alimuuliza mtunza stoo mawe yako wapi. Mtunza stoo aliona funguo zikimponyoka kiunoni. Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara:

"Unaniuliza mimi? Muulize huyo mke wa mdogo wangu. Nyumbani kwake kuna lundo la mawe limefunikwa turubai. Mfagiaji anafagia mpaka mawe!"

Yakaletwa mawe mawili kutoka nyuma ya jiko. Mama Mawe akaulizwa risiti. Akasema hana risiti, ana alama. Akalipindua jiwe moja mwenyewe, magoti chini, akawaonyesha.

"Mguu wa kuku," alisema. "Ni wa Mzee Tindo. Twendeni machimboni mkaulize, nusu saa tu."

"Kwa hiyo kuku alipita juu ya jiwe likiwa bado bichi?" msimamizi akauliza, na watu wakacheka. Akasema hana nusu saa ya kwenda kuhoji mawe.

Mzee Tindo mwenyewe wiki ile alikuwa amechukuliwa na mwanawe kwenda mbali kutibiwa kifua, na hakurudi tena. Akabaki shahidi mmoja. Walimwita kutoka kwenye cherehani yake, akaja na utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Msimamizi akamuuliza, mawe haya unayajua?

Mume alimtazama mkewe. Kisha akamtazama dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemfulia, aliyempeleka kujifunza ushonaji. Dada alikuwa ameushika ufunguo mmoja kana kwamba ataula. Mume akasema:

"Mimi ni fundi nguo. Mambo ya mawe siyajui."

Mama Mawe alifukuzwa pale pale, ufagio ukiwa bado haujagusa vumbi. Wenzake kumi na mmoja walimpisha njia kama mtu anayempisha mgonjwa wa kikohozi.

Hakuondoka kwa mumewe. Watu walishangaa, na wengine walisema ndio ushahidi kwamba aliiba, maana mwenye haki angeondoka. Aende wapi? Udongo wa nyumba ile nusu yake aliukanda kwa miguu yake mwenyewe. Alipika, alifua, alilea. Ila siku ile alipoingia ndani aliacha kumwita mume wangu. Alianza kumwita Fundi, kama wateja wanavyomwita. "Fundi, chakula tayari." "Fundi, kuna mtu anataka suruali yake." Mume alilipokea jina hilo bila kuuliza. Alijua kwamba kwa kosa lake hiyo ilikuwa kodi ndogo.

Na mawe? Yalirudi chini ya turubai, miaka sita. Kuyatupa ni kukiri, kuyatumia ni kuambiwa anakula cha wizi. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo hakumwambia mtu. Jiwe la ukingo likishalazwa, tumbo halionekani tena. Akiyalaza, shahidi wake pekee anaingia ardhini, anafunikwa, na hakuna atakayemfukua.

Basi mwaka huu binti yao, ambaye anafanya kazi kwenye kitalu cha miche, alimletea mama yake michongoma midogo kwenye viriba vya plastiki, mingi, akaipanga ukutani kivulini.

"Mama, ukingo kwanza ndiyo upande," alisema. "Ukianza kupanda, halafu uje kuchimba mfereji wa mawe, utakata mizizi. Na ukichelewa kuweka mawe, ukoka utaivamia uikabe koo."

"Nimesikia."

"Mawe si yapo?"

"Yapo."

Binti alimtazama mama yake, kisha akatazama nyuma ya jiko. Alikuwa na miaka kumi na minne wakati ule. Shuleni walikuwa wakimuuliza kama na yeye anabeba mawe.

Wiki ilipita, mawingu yakaanza kujaa, na michongoma ikaanza kugeuka manjano kwenye viriba. Mche hauelewi habari za fitina. Unachojua ni kwamba miguu yake imebanwa. Jumamosi asubuhi Mama Mawe alijifunga kanga kiunoni, akaenda nyuma ya jiko, akavuta turubai. Mijusi ikatawanyika. Mawe yalikuwa vile vile.

Alipigilia vigingi viwili, akavuta kamba. Fundi alitoka ndani akiwa na utepe wake.

"Nikupimie," alisema. "Tusije tukakosea."

"Ni nyayo hamsini."

"Nyayo za nani?"

"Za aliyesimama hapa. Rudisha utepe wako shingoni, hapa hatushoni gauni."

Alipima hata hivyo, akiinama kama anampima mteja mnene, na alipomaliza akaukunja utepe, maana nyayo hamsini zilikuwa nyayo hamsini. Akaenda kuchukua jembe. Mama Mawe hakumwita wala hakumfukuza. Alimwonyesha tu kina kwa mkono, shibiri moja, na upana wa jiwe pamoja na vidole viwili vya nafasi. Walichimba. Mume alikuwa na mgongo wa kukaa, kila hatua kumi alisimama kujinyoosha akiguna.

"Pole," mke alisema mara moja, kwa mazoea, kisha akajuta.

Walimwaga mchanga, wakaushindilia kwa gogo. Mama Mawe akapiga magoti mwanzo wa mstari, nyundo ya mti mkononi, na Fundi akaanza kumletea mawe kwa toroli. Alilaza la kwanza. Kabla ya kulilaza alilipindua, akaupangusa mguu wa kuku kwa kidole gumba, akalishusha. Kwa la pili akafanya vile vile. Kila jiwe liliposhuka alama moja ilizikwa, lakini michongoma ilikuwa pale ukutani ikimtazama na majani yake ya manjano. Alikuwa amefika jiwe la kumi na tano au la kumi na sita magoti yalipokataa. Akasimama kunywa maji, na Fundi akashika nafasi yake.

Hapo ndipo wifi alipotokea, kutoka sokoni, kikapu mkononi, mwavuli kwapani. Alikuwa amenenepa na kupata maumivu ya magoti, lakini mdomo ulikuwa haujazeeka.

"Hodi wenyewe! Jamani jamani, leo mali imetoka stoo!"

"Karibu, wifi," Mama Mawe alijibu. "Habari za stoo unazo wewe."

"Mh! Wifi na wewe, utani hujui?"

"Najua. Nasubiri uanze."

Wifi akacheka kidogo, akaweka kikapu chini, akaanza kumuuliza mdogo wake habari za mgongo. Fundi alikuwa akiitikia bila kuinua kichwa, kazi imeshamkolea. Aliinua jiwe kutoka kwenye toroli, akalipindua, akatazama tumboni, akaligeuza nusu mzunguko, akalilaza, akaligonga. Akachukua jingine. Akalipindua, akatazama, safari hii halikuhitaji kugeuzwa, akalilaza. Akachukua jingine.

Mama Mawe alikuwa na kikombe mdomoni. Alikishusha taratibu.

"Fundi."

"Naam."

"Mbona hilo umeligeuza?"

"Si vidole vinatakiwa vielekee nyuma?" alisema, bado anagonga.

"Vidole vya nini?"

Nyundo ikasimama hewani. Mume alibaki amepiga magoti, jasho linamdondoka puani, anatazama jiwe.

"Vya kuku," alisema mwishowe.

"Na nani alikufundisha?"

"Mzee Tindo."

"Aa. Mimi nilidhani wewe ni fundi nguo."

Alijifuta uso kwa mkono uliojaa mchanga, akajipaka matope. Miaka sita Mama Mawe alikuwa akifikiri kwamba labda mumewe alisahau. Alijipa udhuru huo usiku wa kukosa usingizi, kwamba mwanamume yule kichwa chake kimejaa vifungo na lesi, huenda siku ile hakukumbuka alama. Sasa aliiona mikono yake inasoma jiwe haraka kuliko yake yeye. Mikono ile haikuwahi kusahau.

Wifi naye angenyamaza tu, angepita salama. Lakini mtu mwenye hatia ukimya humwasha kama upupu.

"Sasa haya ya miaka sita mnayafufua ya nini?" alisema. "Mambo yenyewe yalishakwisha. Kwani nani hajui kwamba mawe haya ni ya machimboni? Yale ya kazini yalikatwa kwa mashine, hayana alama hata moja. Hata mimi siku ya tatu niliyaona..."

Akanyamaza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na maneno hayana mkia ukayavuta.

"Uliyaona wapi?" Mama Mawe aliuliza.

"Wifi..."

"Nakuuliza, uliyaona wapi?"

"Dereva aliyashusha nyuma ya jengo, upande wa pili. Alikuwa mgeni, hakujua stoo iko wapi. Yakafunikwa na kokoto." Wifi alianza kucheza na mpini wa mwavuli. "Yalikuwapo."

"Yalikuwapo."

"Yalikuwapo yote."

"Hakuna kilichoibwa."

"Sasa ningefanyaje? Nirudi getini niseme nimekosea? Wewe ulishafukuzwa. Ningefukuzwa na mimi, tungekuwa wawili nyumbani. Nani angenufaika?"

Fundi alikuwa amegeuka, anamtazama dada yake kama mtu aliyeshona suti nzima akagundua kitambaa kilikuwa kimegeuzwa ndani nje.

"Dada," alisema. "Ulijua? Na ukaniacha nikae na neno langu?"

"Na wewe ulijua! Tena tangu mwanzo! Usinitupie mimi peke yangu!"

Walianza kurushiana, kaka na dada, nani alijua zaidi. Mama Mawe aliwasikiliza kidogo. Ilikuwa kama kusikiliza wezi wawili wakibishana nani ni mwizi zaidi. Alitarajia kwamba siku hii ikifika atapiga kelele, atararua kitu. Lakini hakuona hasira ikija, ila uchovu, na chini ya uchovu kitu kigumu na kinyoofu.

"Wifi," alisema. "Uliniita mwizi mahali gani?"

"Jamani, wifi."

"Mahali gani?"

"Getini."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wale wafagiaji."

"Wapo bado. Waliajiriwa, wanafagia vigae. Kila asubuhi wanangoja geti lifunguliwe. Kwa hiyo mahali unapajua, saa unaijua, watu unawajua."

Wifi aliona njia inaelekea wapi. Akaweka mkono kifuani.

"Basi nisamehe, mke wa mdogo wangu. Nimekosa. Yaishe."

"Unaniomba msamaha hapa kwenye michongoma," Mama Mawe alisema. "Michongoma haikuniita mwizi."

Wifi aliokota kikapu chake. Alisema magoti yanamsumbua, na asubuhi ana dawa za kunywa, na wengine wa wale wanawake hata hawamkumbuki. Akaondoka, mwavuli umefunguliwa wakati hakuna mvua wala jua.

"Mimi nitakwenda," Fundi alisema, bado yuko magotini.

"Lini?"

"Nitakwenda."

"Hilo nitakwenda nalijua. Ndilo unalowapa wenye suruali zao."

Alicheka kwa bahati mbaya, kwa pua tu, kisha akaona mkewe hacheki.

Walimaliza kazi. Mawe yalikaa vizuri, lazima isemwe. Kamba ilipotolewa, mstari ulibaki umenyooka wenyewe, kimo kimoja, nyuso zote zinatazama nje. Nyayo mbili nyuma ya mawe Mama Mawe alichimba mashimo, akapasua viriba, akaipanda michongoma yote. Nyayo mbili, ili ikinenepa isiyasukume mawe, na mtu apate pa kupitisha mkono wa kupogoa.

Lakini alilaza mawe thelathini na tisa. Nafasi ya mwisho, pale karibu na njia ya kuingilia, aliiacha wazi. Jiwe la arobaini aliliweka kando ya nafasi hiyo, chali, tumbo juu, mguu wa kuku unatazama mbingu na kila apitaye.

"Ukoka utapita hapo," Fundi alisema.

"Utapita."

"Utaikaba michongoma."

"Ndiyo maana utakuwa unaung'oa wewe, kila Jumamosi. Jumamosi hizo unazikumbuka."

Mvua zilikuja. Michongoma ilishika, ikarudisha kijani chake. Jumatatu moja Fundi alivaa shati la kunyooshwa akatoka mapema, na Mama Mawe alisimama dirishani akatumaini, japo alikuwa amejikataza kutumaini. Alirudi baada ya nusu saa. Alisema alifika mpaka getini, lakini walikuwa wengi kuliko alivyodhani, na mlinzi ni mgeni, akamuuliza anataka nini, naye akasema anatafuta njia tu. Mama Mawe alimmiminia chai. Hakumwita Fundi asubuhi ile, wala mume wangu. Hakumwita kitu.

Wifi sasa hupitia barabara ya nyuma akitoka sokoni, japo ni ndefu na magoti yake ni yale yale.

Kwa hiyo hesabu, kwa anayetaka kuijua, iko hivi. Wifi anadaiwa sentensi moja, isemwe getini, asubuhi, kwa sauti ile ile iliyosikika ng'ambo ya barabara, kwamba mawe hayakuibwa na alijua siku ya tatu. Mume anadaiwa maneno mawili mahali hapo hapo: niliyabeba mimi. Jiwe linangoja kando ya nafasi yake. Na kila Jumamosi jioni mshonaji anapiga magoti mbele ya nyumba yake, anang'oa ukoka unaopenya penye lile pengo, na wapita njia wanamwambia pole kwa kazi.